Pimeni Matope

Kuna sentensi moja ya serikali ambayo imenichosha kuliko zote: "Maji yako ndani ya viwango." Utaisikia kwenye baraza la chifu, utaisikia redioni asubuhi, utaisoma kwenye taarifa yenye muhuri. Ni sentensi tulivu, haina kelele, na ikishasemwa mkutano unafungwa na watu wanaenda kula. Hakuna anayeuliza ni viwango gani, maji ya wapi, yalichotwa lini, na karatasi ya majibu iko wapi.

Mimi nataka tuulize. Kwa sababu kule Migori sentensi hiyo inaweza kuwa kweli kabisa, neno kwa neno, na bado watu wakaumia.

Tuanze na kazi yenyewe, maana wengi wetu tunaijua dhahabu ikiwa tayari imefika shingoni mwa mtu. Kwenye ukanda wa dhahabu wa Migori, kuanzia Masara hadi Mikei, Osiri na Macalder, jiwe linatolewa shimoni, linapondwa, kisha linasagwa na mtambo mpaka linakuwa unga. Unga unapitishwa na maji juu ya ubao uliotandikwa zulia au gunia; vilivyo vizito vinanasa kwenye nyuzi, vyepesi vinakwenda na maji. Kilichonasa kinaoshwa tena kwenye karai. Hapo ndipo zebaki inapoingia. Inamwagwa ndani ya karai, inakandwa kwa mkono mtupu, inashika chembe za dhahabu na kuwa donge la rangi ya fedha. Donge linakamuliwa kwa kitambaa, halafu linachomwa kwenye moto wa wazi. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi, kwa hiyo inapaa kama mvuke na dhahabu inabaki.

Mvuke huo hauendi mbinguni. Sehemu inaingia mapafuni mwa aliye karibu, sehemu inatua kwenye udongo na juu ya mabati, na mvua ikinyesha inateremka. Maji ya karai nayo yanamwagwa palepale, au kwenye kidimbwi kilichochimbwa kando ya kijito. Kijito kinaingia Mto Migori au Mto Kuja. Migori unaingia Kuja. Kuja unaingia Ziwa Victoria, huko Nyatike. Na mimi ni mtu wa Homa Bay, kaunti ya pili kwenye ufuo uleule. Samaki ninayekula hajui mpaka wa kaunti uko wapi.

Sasa tuje kwenye vipimo. Mwaka 2002, watafiti watatu, J. S. Ogola, Winnie Mitullah na M. A. Omulo, walichapisha utafiti wao kuhusu ukanda huu katika jarida la Environmental Geochemistry and Health. Hawakuishia kwenye maji. Walipima mabaki ya udongo kwenye sehemu za kuoshea dhahabu, na wakapima matope yaliyotulia chini ya vijito. Kwenye mabaki walikuta zebaki kuanzia miligramu 0.46 hadi 1,920 kwa kila kilo. Kiwango hicho cha juu kilitoka Mikei. Kwenye matope ya vijito walikuta zebaki kuanzia 0.28 hadi 348, na madini ya risasi kuanzia 3 hadi 11,075. Hiyo risasi ya 11,075 ilikuwa kwenye kijito cha Macalder.

Namba peke yake haisemi kitu, kwa hiyo tuilinganishe. Kanada wana mwongozo wa matope ya maji baridi. Wanasema zebaki ikizidi miligramu 0.17 kwa kilo, anza kuwa macho. Ikizidi 0.486, tegemea kwamba viumbe wanaoishi kwenye matope hayo watadhurika mara kwa mara. Kwa risasi, kikomo hicho cha pili ni 91.3. Rudi sasa Migori. Kijito kilichokuwa na zebaki kidogo kuliko vyote katika utafiti ule tayari kilikuwa kimevuka mstari wa kwanza. Kilichokuwa na zebaki nyingi kilipita mstari wa pili zaidi ya mara 700. Risasi ya Macalder iliupita zaidi ya mara 120.

Huo ulikuwa mwaka 2002. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo ameshapiga kura.

Kwa nini nang'ang'ania matope? Kwa sababu ukienda na chupa safi, uchote maji katikati ya mto unaotiririka, upeleke maabara, kuna uwezekano mkubwa kwamba zebaki itakuwa kidogo sana au haitaonekana kabisa. Zebaki ni nzito mara 13 na zaidi kuliko maji. Haielei ikikusubiri na chupa yako. Inazama, inashikamana na chembe za udongo, inalala chini. Maji ya leo yamepita. Yaliyokuwa hapa jana yako ziwani. Matope ndiyo yanayokaa na kumbukumbu. Kuchota maji peke yake na kutangaza mto ni salama ni sawa na kumpima mgonjwa jasho ukasema damu yake ni safi.

Na huko chini haikai bure. Kwenye matope yasiyo na hewa kuna bakteria wanaoibadilisha zebaki kuwa methilimekyuri, aina inayoingia kwenye viumbe na kukataa kutoka. Kijidudu cha matope kinakula, samaki mdogo anakula vijidudu mia, samaki mkubwa anakula wadogo mia. Kila hatua inaongeza. Kwa samaki wakubwa walao wenzao, kiwango kinaweza kufika mara milioni moja ya kile kilichomo kwenye maji wanamoogelea. Kwa hiyo maji "yako ndani ya viwango", na aliye sahani kwako ana hesabu yake nyingine.

Hii ni sayansi inayojulikana kwa miongo mingi. Swali ni kwa nini sheria zetu zilijifanya haziijui.

Chukua Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira ya 1999. Ndizo zilizotuongoza kwa karibu miaka 20, na ndizo zilizolea maofisa wote wanaotuambia habari za viwango. Zina majedwali. Jedwali la kwanza ni la vyanzo vya maji ya matumizi ya nyumbani, yaani mto ambao mama anateka na ndoo. Lisome taratibu. Aseniki imo. Kadimi imo. Risasi imo. Shaba imo. Zebaki haimo. Katika nchi yenye ukanda wa dhahabu ambako zebaki inamwagwa kwa karai, orodha ya mambo ya kuangalia kwenye maji ya mama wa ndoo haikuitaja zebaki. Kumbuka maji ya chupa unayonunua dukani Nairobi yana kikomo cha zebaki katika viwango vya Shirika la Viwango. Mwenye pesa ya chupa alikumbukwa.

Zebaki inajitokeza kwenye jedwali la tatu, la maji machafu yanayoachiliwa kwenye mazingira. Hapo wanasema isizidi miligramu 0.005 kwa lita. Ni kikomo kikali, sina ugomvi nacho. Ugomvi wangu ni bomba. Mfumo mzima umejengwa juu ya wazo kwamba kuna kampuni, kampuni ina bomba, bomba lina mdomo, na mwenye bomba ana leseni. Mwenye leseni anapima maji yake mwenyewe, anaandika, anapeleka rekodi kwa NEMA. Kwa mgodi mkubwa wenye ua na lango, mfumo huo una maana: unapima juu ya mgodi, unapima chini ya mgodi, tofauti ndiyo kesi yako. Hata faini inajua pa kwenda. Jirani zetu wa Tarime, ng'ambo ya mpaka, waliona mwaka 2019 NEMC ikiutoza mgodi wa North Mara faini ya shilingi bilioni 5.6 za Tanzania kwa sababu ya bwawa lake la mabaki. Mgodi mkubwa una anwani.

Sasa nionyeshe bomba la Mikei. Nionyeshe mdomo wake. Kuna makarai, kuna vidimbwi, kuna moto wa mkaa nyuma ya nyumba, kuna marundo ya mabaki ambayo huuzwa tena na kwenda kuloweshwa kwa sianidi ili dhahabu iliyobaki itoke. Hakuna hata kimoja kinachoitwa bomba. Na katika majedwali yote yale, ya maji ya nyumbani, ya maji machafu, ya mifereji ya taka, ya kumwagilia, ya kuogelea, hakuna jedwali la matope. Kwa hiyo uchafu mkubwa kuliko wote uliopimwa katika vijito vya Migori ulikuwa mahali ambapo kanuni haikuweka mstari wowote wa kuvuka. Hauwezi kuvunja kiwango ambacho hakipo. Ndiyo maana nasema sentensi ile inaweza kuwa kweli.

Kuna watu wakifika hapa wanasema: basi tatizo ni wale wachimbaji, wafukuzwe. Hapana. Tulieni kwanza tuangalie nani alianza.

Mgodi wa Macalder haukuwa wa vijana wenye sururu. Ulikuwa mgodi wa kampuni, tangu miaka ya 1930 ya ukoloni hadi ulipofungwa mwaka 1966. Walitoa shaba, dhahabu na fedha. Bwawa la umeme la Gogo kwenye Mto Kuja, ambalo leo liko chini ya KenGen na linatoa megawati 2, lilijengwa miaka ya 1950 ili kuupa mgodi huo umeme. Kampuni ilipomaliza ikaondoka. Faida ikaondoka nayo, marundo yakabaki. Na kumbuka risasi ya 11,075 ilipatikana kijito gani. Hakuna mchimbaji mdogo anayetia risasi kwenye karai lake. Risasi inatoka kwenye miamba na kwenye kile kilichofukuliwa na kuachwa wazi. Kwa miaka zaidi ya 50 mvua imekuwa ikiyaosha marundo hayo, na ukisikia lawama, zote zinamwangukia mwanamke anayeosha udongo kwa shilingi mia chache.

Mmoja wao, mama wa makamo, niliwahi kumuuliza kama haogopi ile zebaki. Alinitazama, akaendelea kuzungusha karai. "Nyathina," akasema, "mimi ninaogopa karo." Kisha akaniuliza swali ambalo maofisa wote wenye magari hawajalijibu: "Nyinyi mnaokuja kuchota maji kila mara, majibu mnapeleka wapi?"

Ndiyo. Majibu mnapeleka wapi?

Hesabu ofisi. Mamlaka ya Rasilimali za Maji inasimamia mto. NEMA inasimamia uchafu unaoingia mtoni. WASREB inasimamia kampuni za kusambaza maji. Idara ya afya ya kaunti inaangalia magonjwa. KMFRI inachunguza ziwa na samaki. Wizara ya Madini inasimamia mchimbaji. Mto mmoja, ofisi sita. Kila moja ina kipande, na kila moja ukiigusa inakuonyesha nyingine kwa kidole. Mwananchi wa Nyatike hana mahali pamoja pa kwenda kusoma karatasi moja inayosema: mwezi huu, mahali hapa, matope yana hivi, samaki wana hivi, kikomo ni hiki.

Nimejaribu. Niliiandikia ofisi moja ya umma, sitaitaja, nikiomba matokeo ya vipimo vya Mto Kuja. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inawapa siku 21 kunijibu. Siku 21 zikapita. Nikapiga simu. Nikaambiwa nilete barua ya chuo. Nikasema mimi si mwanafunzi, ni raia tu. Kimya kidogo, kisha: "Sasa unataka ya nini?" Nadhani jamaa hakuwa na ubaya. Aliuliza kwa dhati. Kwake yeye, matokeo ya maji ni ya watu wa utafiti na wa leseni. Kwamba mnywaji angeyataka, hilo halikuwa limemjia akilini.

Kwa hiyo ndugu yangu, hata tukirekebisha majedwali yote, tukaongeza zebaki, tukaongeza matope, kama karatasi inabaki kwenye droo hatujafanya kitu. Na hili si jambo dogo la utaratibu. Historia yote ya zebaki duniani ni historia ya majibu yaliyofichwa.

Mkataba wa dunia kuhusu zebaki unaitwa Minamata, kwa jina la mji wa Japani. Huko kiwanda cha kampuni ya Chisso kilikuwa kikimwaga zebaki kwenye ghuba ambako watu walivua. Mwaka 1956 ugonjwa ukatambuliwa rasmi: watu wanatetemeka, hawaoni vizuri, watoto wanazaliwa na ulemavu. Mwaka 1959 daktari wa hospitali ya kampuni hiyohiyo aliwalisha paka chakula kilichochanganywa na maji machafu ya kiwanda. Paka nambari 400 akapata ugonjwa uleule. Jibu lilikuwa limepatikana. Kampuni ikalificha, na kiwanda kikaendelea kumwaga hadi 1968. Miaka 9 watu waliendelea kula samaki huku jibu likiwa kwenye kabati. Hawakukosa sayansi. Walikosa karatasi.

Kenya ilisaini mkataba huo mwaka 2013 na kuuridhia mwaka 2023. Nchi ambayo ndiyo makao ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, pale Gigiri, ilichukua miaka 10. Mkataba unataka nchi zenye wachimbaji wadogo ziwe na mpango wa kitaifa, na unataja wazi mambo ya kukomesha: kutia zebaki kwenye mawe yote yaliyosagwa, kuchoma donge kwenye moto wa wazi, kuchoma kwenye makazi ya watu, na kuloweka kwa sianidi mabaki ambayo bado yana zebaki. Usome huo mstari tena kisha ukumbuke nilivyoeleza kazi ya Migori.

Upande wa Tanzania kuna somo la aina nyingine. Machi 2022 samaki walikufa kwa wingi kwenye Mto Mara na maji yakawa meusi. Serikali ikaunda kamati. Kamati ikasema mgodi hauhusiki. Chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza. Mtandaoni watu walicheka wiki nzima. Na mimi nilicheka. Lakini baadaye nikawaonea wivu. Wao walisomewa ripoti. Ilikuwa na chanzo, na ilisomwa mbele ya kamera, kwa hiyo ungeweza kusimama na kusema "hii siamini, na sababu zangu ni hizi". Huwezi kubishana na droo. Nipeni ripoti mbaya hadharani kuliko ripoti nzuri iliyofungiwa.

Na msiniambie tusubiri mpaka watu waanze kuugua ndiyo tuwe na ushahidi. Tulishafanya hivyo Mombasa. Pale Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kilimwaga risasi kwenye kijiji, na kipimo kilichowafanya watu wasikilizwe kilikuwa damu ya watoto wao wenyewe. Phyllis Omido alianza na mwanawe. Kiwanda kilifungwa 2014. Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikawapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020. Kesi ikazungushwa kwenye rufaa, na Mahakama ya Juu ikairejesha fidia hiyo Desemba 2024. Ni ushindi, nawapongeza. Lakini ni ushindi uliopimwa kwa damu. Mimi nataka Migori ipimwe kwa matope, mapema, kabla hatujafika kwa mishipa.

Kuna hoja mbili za haki ambazo lazima nizijibu.

Ya kwanza: ukipiga kelele hivi utawaua wavuvi na wauza samaki wa Homa Bay. Mama wa omena pale sokoni ana kosa gani? Hana. Na siandiki haya ili uache omena. Omena ni mdogo, anaishi muda mfupi, yuko chini kwenye ngazi ya kula. Wa kuangaliwa zaidi ni wakubwa walao wenzao, kama mbuta mzee, na wanaokaa kwenye matope, kama kamongo na mumi, hasa karibu na mahali mto unapoingilia. Tafiti zilizofanywa ziwani miaka ya mwisho ya 1990 na mwanzo wa 2000 zilikuta samaki wengi wakiwa chini ya kikomo cha kimataifa. Hiyo ni habari njema, na ndiyo sababu ya kupima sasa. Mwenye samaki safi ndiye anayehitaji karatasi kuliko wote. Siku uvumi utakapoanza, na utaanza tu, mama wa omena atakuwa na nini cha kuonyesha? Kimya cha serikali hakimlindi. Kinamwacha uchi.

Ya pili: vipimo vitatumika kuwafukuza wachimbaji. Hofu hii ni ya kweli, maana katika nchi hii mazingira hukumbukwa haraka sana pale tingatinga linapotafuta sababu. Ndiyo maana nasema pimeni mto, msimpime mtu. Matope ya Mikei hayana jina la mama yeyote. Yakionyesha zebaki imepanda, cha kwanza ni kuuliza zebaki imeingia nchini kupitia nani, imeuzwa na nani, na mnunuzi gani wa dhahabu anamkopesha mchimbaji zebaki ili amuuzie yeye peke yake. Cha pili ni kuleta njia nyingine: vyombo vya kunasa mvuke, meza za kutenganisha kwa uzito, sehemu za kuchomea mbali na nyumba. Sheria ya Madini ya 2016 ilimtambua mchimbaji mdogo, ikampa haki ya kibali, ikaagiza kamati kaunti kwa kaunti. Mpeni kibali, mpeni chombo, kisha mdai kitu. Hauwezi kumwacha mtu nje ya sheria miaka yote hiyo halafu ukamkumbuka siku ya faini.

Na mkisema hakuna pesa ya kupima, sheria hiyohiyo inagawa mrabaha wa madini: asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii. Dhahabu ya Migori ina wagawanaji watatu. Mmoja wao ashindwe kununua chupa za sampuli?

Nitaje basi ninachodai, kwa sababu hasira bila orodha huishia kwenye X.

Pimeni matope na samaki, si maji peke yake. Mara mbili kwa mwaka, baada ya masika na baada ya vuli, maana mafuriko ya Nyatike ya chini ndiyo yanayobeba matope na kuyatandaza mashambani. Pimeni mahali palepale kila mara: juu ya Mikei, chini ya Mikei, kijito cha Macalder, Gogo, mdomo wa Kuja, kisha mfuate ufuo mpaka Homa Bay. Wekeni kikomo cha matope kwenye kanuni. Kama hatuna chetu, tuazime cha Kanada mpaka tupate chetu. Wekeni zebaki kwenye kila orodha ya maji ya mama wa ndoo. Na majibu yabandikwe. Si kwenye tovuti inayofunguka mara moja kwa mwezi. Yabandikwe kwenye ukuta wa zahanati, kwenye ofisi ya chifu, kwenye banda la samaki ufuoni, kwa Kijaluo, Kikuria na Kiswahili, namba na kikomo chake kando kwa kando. Mtu asome mwenyewe.

Hili la mwisho linatuhusu sisi wa mjini. Mwaka 2024 tulionyesha kitu ambacho wanasiasa hawakukitarajia. Tuliuchukua Mswada wa Fedha, tukausoma kifungu kwa kifungu, tukautafsiri kwa lugha za nyumbani, tukawaeleza wazazi kwa simu. Watu waliosema sisi ni kizazi cha densi walikuta tunajua jedwali la kodi kuliko wabunge wao. Jedwali la maji ni fupi kuliko lile la kodi. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema maji safi na salama ni haki. Kifungu cha 35 kinasema habari iliyo mikononi mwa serikali ni haki. Viunganishe hivyo viwili upate sentensi yako: nionyesheni majibu ya mto wangu.

Andika barua. Haichukui ukurasa. Taja mto, taja miaka, taja sheria ya 2016, hesabu siku 21, na zikipita bila jibu peleka malalamiko kwa ofisi ya Ombudsman, ambayo kazi hiyo imepewa kisheria. Wakiandika watu 10, ofisi itawatafutia barua ya chuo. Wakiandika watu 1,000, droo itafunguka.

Na mara nyingine ukisikia kwamba maji yako ndani ya viwango, usipige makofi. Uliza matope yako ndani ya nini.